Mfanyabiashara ataka kujenga ghorofa kwenye kiwanja cha marehemu baba: tutie saini?

Ndugu Mshauri,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na ninaishi Dodoma mjini. Baba yetu alifariki mwaka 2009 akatuachia nyumba hatua chache kutoka Soko la Majengo. Ni nyumba ya chini, ya tofali za kuchoma, yenye vyumba saba vinavyouzunguka ua, fremu moja ya mbele aliyopanga fundi cherehani, na mzabibu ambao marehemu aliupandisha juu ya kichanja ili mama apate kivuli cha kuchambulia mboga. Mama ana miaka 74 na bado anaishi humo. Vyumba vinne tumevipangisha, na kodi yake ndiyo inayomnunulia dawa. Sisi watoto tuko watano.

Mwezi uliopita tuliitwa kwenye mkutano wa mtaa tukaelezwa kwamba eneo letu limo katika mpango wa kuendelezwa upya, na kwamba nyumba za chini zilizochakaa katikati ya jiji zinatakiwa kupisha majengo ya ghorofa. Mmoja wa waliozungumza alisema, tena kwa ukali, kwamba asiyeweza kujenga atafute mwenye uwezo, la sivyo kiwanja kitachukuliwa. Haikupita wiki akaja mfanyabiashara mmoja na mchoro wa rangi wa jengo la sakafu tano, pamoja na rasimu ya mkataba ya kurasa tatu. Yeye atatoa fedha zote za ujenzi, sisi tutatoa kiwanja, na kipengele kinachotuhusu kinasomeka hivi: "Mmiliki wa Kiwanja atapata asilimia 25 ya jengo litakapokamilika." Anasema Serikali inatoa msamaha wa kodi kwa miradi ya kufufua miji, kwamba dirisha la msamaha huo linafungwa, na kwamba tutie saini ndani ya wiki mbili.

Mdogo wetu aliyeko Dublin, ambaye ni muuguzi, ametutumia habari kwamba huko serikali huwapunguzia kodi watu wanaokarabati nyumba kuukuu za katikati ya mji, kwa hiyo ndugu zangu wamezidi kuamini. Mimi nasita. Karatasi ya kiwanja ni ya mwaka 1991, ya CDA (iliyokuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu), jina ni la baba, mirathi hatujafungua, na kodi ya pango la ardhi hatujalipa kwa miaka kadhaa. Naomba unieleze: motisha hiyo ipo? Tukikataa tutanyang'anywa? Na mama, ambaye kila jioni ananiuliza swali moja tu, ataishi wapi wakati wa ujenzi?

Mwalimu Mstaafu, Dodoma

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, pole kwa shinikizo hilo, na nikupongeze kwa kunakili kipengele cha mkataba neno kwa neno badala ya kunisimulia, kwa sababu majibu mengi ya barua yako yamo ndani ya maneno hayo machache. Msitie saini ndani ya wiki mbili. Sisemi kwamba mradi wenyewe ni mbaya, maana huenda ukawa ndiyo njia pekee ya familia yenu kunufaika na kiwanja ambacho thamani yake imepanda tangu Serikali ilipohamia Dodoma. Nasema hivyo kwa sababu hakuna hata mmoja kati yenu watano mwenye mamlaka ya kisheria ya kusaini. Kiwanja bado ni cha marehemu, na mkataba mtakaousaini leo unaweza kukanushwa kesho na ndugu yeyote atakayeona amepunjwa, au na mfanyabiashara mwenyewe siku atakapoona una faida ndogo.

Nianze na motisha, kwa kuwa ndiyo iliyowatia ndugu zako haraka. Habari aliyowatumia mdogo wenu ni ya kweli, lakini ni ya huko. Ireland ina mpango ulioanza mwaka 2015 kwa ajili ya maeneo maalumu ya miji kama Dublin, Cork na Limerick, na ulianza kwa kuzilenga nyumba za makazi zilizojengwa kabla ya mwaka 1915. Mwenye nyumba anayeikarabati na kuishi humo anaruhusiwa kuondoa gharama za ukarabati, kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, kutoka kwenye kipato chake kinachotozwa kodi. Utaratibu huo unamfaa muuguzi mwenye mshahara unaokatwa kodi kila mwezi, kwa kuwa kuna kodi kubwa ya kupunguza. Ukiuleta Majengo kama ulivyo, utamsaidia nani? Mama anayeishi kwa kodi ya vyumba vinne na mwanawe anayepokea pensheni hawana kodi ya mapato ya kupunguziwa kiasi cha kujengea hata ukuta. Kwetu motisha imepitia milango mingine, na ni vyema mjue kila mlango unafunguka kwa nani.

Msamaha anaouzungumzia mfanyabiashara wenu, kama upo, kwa vyovyote ni ule wa cheti cha uwekezaji. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022 ilishusha kiwango cha chini cha mtaji kwa Mtanzania kutoka dola 100,000 hadi dola 50,000 za Marekani, na tangu mwaka 2025 shughuli zilizokuwa za Kituo cha Uwekezaji (TIC) na za mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje (EPZA) zimo chini ya taasisi moja, TISEZA, yaani Mamlaka ya Uwekezaji na Maeneo Maalumu ya Kiuchumi. Mwenye cheti hupata nafuu kadhaa, hasa kwenye kodi za vifaa anavyoagiza kwa ajili ya mradi. Nafuu hiyo huandikwa kwa jina la mwenye cheti. Mwenye kiwanja haandikwi popote, isipokuwa awe mwanahisa wa kampuni ya mradi au mkataba useme wazi kwamba gharama iliyookolewa itaongezwa kwenye fungu lake. Kwa hiyo mwambieni mfanyabiashara, kwa upole, awaonyeshe cheti hicho au barua ya maombi, na tangazo linaloonyesha tarehe ya kufungwa kwa hilo dirisha. Nimefanya kazi masijala ya ardhi miaka mingi kabla ya kustaafu, na sikumbuki hata mara moja dirisha la serikali lililokuwa likifungwa kwa kumtegemea mtu binafsi aliyekuja na rasimu mkononi.

Zimekuwapo motisha zilizomlenga mwenye kiwanja moja kwa moja, ila hazipigiwi tarumbeta. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza msamaha wa riba ya malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi, kwa sharti kwamba mdaiwa alipe deni la msingi. Muda wa msamaha huo umekwisha, lakini ni mfano mzuri wa motisha halisi: ilikuwa na tangazo, na haikumtaka mtu kugawa kiwanja chake. Kubwa zaidi ni ile iliyofuata kuvunjwa kwa CDA tarehe 15 Mei 2017. Hati nyingi za CDA zilikuwa za miaka 33, na baada ya Mamlaka hiyo kuvunjwa na majukumu yake kuhamishiwa kwenye halmashauri, wamiliki walielekezwa kuzibadilisha ziwe za miaka 99 chini ya Sheria ya Ardhi. Sasa chukua karatasi ya baba uitazame tena. Kama ni ya miaka 33 kuanzia 1991, muda wake ulikwisha mwaka 2024. Mfanyabiashara mzoefu hakosi kuliona hilo, na ndiyo maana anawawekea wiki mbili: familia yenye hati mpya ya miaka 99 mkononi huongea kwa sauti nyingine kabisa mezani.

Motisha ya tatu ni ile inayobebwa na mpango wa mji wenyewe, yaani ruhusa ya kujenga kwenda juu. Jiji la Dodoma lina mpango kabambe wa mwaka 2019 hadi 2039, na chini yake huandaliwa mipango kina ya maeneo, inayoonyesha kila kiwanja kimepangiwa matumizi gani na kinaruhusiwa ghorofa ngapi. Kiwanja kilichokuwa cha nyumba ya chini kikiruhusiwa kuwa cha makazi na biashara chenye sakafu kadhaa, thamani yake hupanda siku hiyo hiyo, hata kama mzabibu bado uko uani na fundi cherehani bado yuko kibarazani. Thamani hiyo haikuletwa na mwenye fedha. Mnayo ninyi kabla hajabisha hodi. Nendeni idara ya mipango miji ya Jiji, mtaje namba ya kiwanja na kitalu, muombe kuuona mpango kina wa eneo lenu na kuuliza kama umekwisha kuidhinishwa. Mkikuta panaruhusiwa sakafu nane, muulizeni mfanyabiashara kwa nini mchoro wake una tano, na ni nani atakayekuwa na haki ya kuongeza tatu zilizobaki miaka kumi ijayo.

Kuhusu kunyang'anywa, aliyewatisha mkutanoni alichanganya mambo mawili yasiyofanana. Mpango wa mji hauhamishi umiliki wa mtu. Unaweza kumzuia asijenge banda mahali palipopangiwa ghorofa, na unaweza kumwekea masharti siku anapoomba kibali cha ujenzi, lakini kiwanja kinabaki chake. Serikali ikikihitaji kwa manufaa ya umma, hulazimika kufuata Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 na kulipa fidia, na kufuta miliki kwa kukiuka masharti ni mamlaka ya Rais, baada ya taarifa rasmi kwa mmiliki. Fidia yenyewe haikadiriwi kwa jicho. Chini ya Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, uthamini uliopita miaka miwili bila kulipwa hauna nguvu tena, na malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita tangu kuidhinishwa huanza kudai riba. Mbia binafsi hafungwi na masharti hayo. Nanyi kwa hofu ya kuchukuliwa kiwanja kwa fidia, mko karibu kukitoa bila fidia.

Lililo wazi kuwa udhaifu wenu ni karatasi, na hapo sitakubembeleza. Miaka yote hii tangu 2009 hamjafungua mirathi, na hilo si kosa la mfanyabiashara wala la ofisi yoyote. Fanyeni kikao cha ukoo, chagueni msimamizi mmoja au wawili, andikeni muhtasari, kisha mwende mahakamani, ya Mwanzo au ya juu yake kutegemea ndoa na dini ya wazazi wenu. Msimamizi akishapata barua ya uteuzi ndipo aende ofisi ya ardhi kuomba jina libadilishwe na hati ihuishwe, akiwa amelipa malimbikizo ya kodi ya pango, maana ofisi haiwezi kuhuisha hati yenye deni. Hakikisheni mama ameandikwa kama mrithi kamili. Nimeona familia zikimwandika mjane chini kabisa ya muhtasari kana kwamba ni mpangaji wa wanawe, ilhali nyumba aliyoijenga na mumewe ni jasho lake pia.

Sasa turudi kwenye asilimia 25. Asilimia 25 ya nini? Tuchukulie kila sakafu ina mita za mraba 300, jengo lote mita 1,500. Robo yake ni mita 375. Mita 375 zenye fremu za chini zinazotazama barabara ya sokoni zinaweza kumlisha mama, wajukuu na vitukuu. Mita hizo hizo zikiwa sakafu ya tano, upande wa nyuma, katika jengo ambalo lifti imechorwa lakini haijawekwa, mtabembeleza wapangaji. Rasimu yenu haisemi ni zipi, na mkataba usiposema, huchagua mwenye funguo. Ubia wa namna hii si jambo geni nchini. Shirika la Nyumba la Taifa limejenga majengo kadhaa kwa njia hiyo, lenyewe likitoa kiwanja na mbia akitoa fedha, na sera yake ya ubia iliyoboreshwa ilizinduliwa Novemba 2022. Lakini Shirika lina wanasheria wake, wathamini wake na wahandisi wake. Ninyi mnaye fundi cherehani na mzabibu. Kwa hiyo tafuteni mthamini aliyesajiliwa, awape thamani ya kiwanja kama kinavyoruhusiwa kuendelezwa, si kama kilivyo leo chenye tofali za kuchoma, halafu mlinganishe thamani hiyo na gharama ya ujenzi itakayokadiriwa na mkadiriaji majenzi. Fungu lenu litokane na hesabu hiyo. Pengine litakuwa 25, pengine 40. Aliyewatajia namba kabla ya kuthamini alikuwa anabahatisha kwa faida yake.

Neno "litakapokamilika" nalo halina tarehe. Jengo linaweza kusimama kwenye nguzo za sakafu ya pili miaka saba, nondo zikiota kutu, na mfanyabiashara akawa hajavunja mkataba hata kidogo, kwa kuwa halijakamilika. Mwanasheria wenu, na ninasisitiza awe wenu, asiwe yule atakayeletwa na kulipwa na upande wa pili, aandike tarehe ya kuanza, tarehe ya kukabidhi, kiasi cha kulipwa kwa kila mwezi wa kuchelewa, na haki yenu ya kuvunja mkataba mkabaki na kiwanja pamoja na kilichojengwa juu yake. Aandike pia kwamba hati haitawekwa rehani benki bila ridhaa ya maandishi ya warithi wote. Kipengele hiki hukosekana mara nyingi, na madhara yake ni makubwa kuliko mengine yote: mbia huchukua mkopo kwa kutumia hati ya kiwanja, ujenzi unakwama, na anayekuja kugonga mlango ni dalali wa mnada. Mkandarasi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na kibali cha ujenzi mkione kwa macho yenu kabla nyumba haijabomolewa.

Jengo likisimama, mtalimilikije? Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inaruhusu kila apatimenti au fremu kuwa na hati yake, huku ngazi, paa, tangi la maji na maegesho vikimilikiwa kwa pamoja na kuendeshwa na chombo cha wamiliki. Ombeni hati hizo zitolewe kwa majina yenu katika mkataba huo huo, maana bila hizo mtakuwa watu wenye ahadi ndani ya jengo la mtu mwingine. Jiandaeni na gharama pia. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, nyumba ya chini hulipa kodi ya jengo shilingi 1,500 kwa mwezi kupitia manunuzi ya umeme wa LUKU, yaani 18,000 kwa mwaka, na ghorofa mjini hulipa 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu. Jengo la sakafu tano ni 450,000. Kwa robo yenu ni 112,500, kabla ya ulinzi, usafi na umeme wa ngazi. Si fedha ya kutisha kama fremu zenu ni za mbele. Ni mzigo kama mmepewa vyumba vya juu visivyopangika.

Mkiona masharti haya yamemfukuza mfanyabiashara, msijute. Mkiwa na hati ya miaka 99, mpango kina mkononi na ripoti ya mthamini, mnaweza kualika wabia wawili watatu wengine na kuwapambanisha kwa maandishi. Mnaweza pia kukopa benki mkopo wa nyumba wa muda mrefu, mkajenga sakafu mbili kwanza juu ya msingi uliosanifiwa kubeba zaidi, fremu za chini zikalipa deni. Ni njia ya polepole, na binafsi ningeipendelea kwa familia yenye watoto watano ambao, nimesoma katikati ya mistari yako, hawaelewani sana.

Limebaki swali la mama. Wakazi wa Magomeni Kota, Dar es Salaam, walikuwa kaya 644. Nyumba zao zilibomolewa kwa ahadi ya kurudishwa kwenye majengo mapya, na majengo hayo yalizinduliwa Machi 2022, takriban miaka 10 baadaye. Na huo ulikuwa mradi wa Serikali, usiofilisika. Mama yenu ana miaka 74. Serikali inapotwaa nyumba ya mtu, kanuni za fidia za mwaka 2001 huhesabu posho ya makazi kwa kodi ya soko ya mwezi mmoja mara 36. Tumieni kipimo hicho hicho kwa mfanyabiashara. Chukueni kodi ya nyumba nzuri ya vyumba viwili karibu na hospitali anayotibiwa, zidisheni mara 36, ongezeni kodi ya vile vyumba vinne na ya fremu ya fundi cherehani kwa miezi hiyo hiyo, na fedha hiyo iingie kwenye akaunti ya mama mwenyewe kabla bati la kwanza halijaezuliwa. Mkamwonyeshe hiyo nyumba ya kupanga kwanza, aingie, afungue bomba, aone jikoni. Kisha, kabla ya kubomoa, kateni vipande vya ule mzabibu mvioteshe kwenye makopo. Huota vizuri kwa vipande, na Dodoma nzima hakuna asiyejua hilo.